Maliza Neno Lako

Watu wengi hununua dishi la intaneti ili wajukuu wasome, au wajue bei ya mahindi, au watazame mpira. Mimi nililinunua ili nimkomoe mtu. Nasema mapema, usije ukangoja mbele niseme kwamba nilifanya kwa ajili ya maendeleo.

Mtu mwenyewe ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mwenye duka. Tunamwita Bei Moja, maana tangu afungue duka hajampunguzia mtu chochote. Hata mtoto akija kununua peremende, humwangalia usoni na kumwambia, "Bei ni moja, mkubwa wangu."

Sisi tuko bondeni. Milima imetubana pande zote, na simu zetu ni tochi tu. Ukitaka kupiga, upande mpaka kwenye mawe, na huko nako sauti inakuja vipande vipande kama ya mtu anayeongea huku anatafuna. Bei Moja alisimamisha mlingoti wa mabomba juu ya paa la duka lake, akafunga kifaa cha kunasa mtandao kutoka upande wa pili wa mlima. Ukinunua kwake kikaratasi chenye namba, unakaa barazani na kupiga simu ya video, unamwona mtu hadi meno. Saa kumi na mbili kasoro robo jioni anazima kila kitu na kutia kufuli. Hiyo ilikuwa sheria yake, na sikuwa na ugomvi nayo mpaka siku ile.

Kitinda mimba wangu, binti, alikuwa ameondoka nyumbani miaka sita. Baba yake aliuza kipande cha shamba ili asomee ualimu. Mwaka wa pili akaacha, akasema anakwenda nchi za mbali kufanya kazi. Akiwa mlangoni na begi lake, mume wangu alimwambia, "Ukivuka kizingiti hiki, usiniite baba." Mtoto naye ni wake, kichwa kilekile. Akavuka.

Miaka sita hawakusemezana. Mimi niliongea naye kila Jumapili barazani kwa Bei Moja, na nikirudi Mzee aliniuliza, "Bei Moja hajambo?"

Nilijua anamuulizia nani. Nikamjibu, "Hajambo. Amenenepa kidogo. Siku hizi anafua mashuka ya hospitali."

"Vizuri," anasema. "Mwenye duka akinenepa ni dalili njema."

Tuliendelea hivyo mpaka mapafu yake yalipoanza kumsumbua. Alhamisi moja alasiri akaniambia, bila kunitazama, "Nipelekeni kwa Bei Moja." Sikumuuliza kwa nini. Nilimvisha shati safi, na mwanangu mkubwa akishirikiana na jirani mmoja wakambeba juu ya kiti, wakavuka naye barabara. Nakumbuka Bei Moja mwenyewe alisogeza gunia la chumvi ili kiti kikae kivulini. Hakuombwa. Nayaandika na mazuri yake, maana ukimchukia mtu ni vizuri umchukie yote, na mema yakiwemo, usije ukadanganyika.

Kulikuwa na foleni, watu wanne mbele yetu, tukangoja. Zamu yetu ilipofika jua lilikuwa limeshainama. Binti alitokea kwenye kioo akiwa na kofia ya kazi, ya buluu. Wakaangaliana. Mimi nimeshika simu.

"Shikamoo," akasema binti. Hakuongeza neno jingine. Alikuwa ameshaambiwa asimwite baba.

"Marahaba," akasema Mzee.

Akavuta pumzi. Kwa hali yake, kuvuta pumzi ilikuwa kazi ya kutwa. Akasema, "Nimeku..."

Picha ikaganda.

Sijui kama lugha nyingine ziko hivi, lakini yetu humficha mtu mpaka mwisho wa neno. Nimeku. Hapo unajua aliyefanya, unajua aliyefanyiwa, hujui alichofanyiwa. Nimekusamehe. Nimekukataa. Nimekusahau. Yote huanza hivyohivyo.

Nikageuka, nikamwona Bei Moja anatoka dukani na kufuli mkononi. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo.

"Washa," nikamwambia. "Mzee hajamaliza neno."

"Bi Mkubwa, kila mtu hapa ana neno moja la mwisho. Nikiyangoja yote nitaota mizizi. Kesho ipo."

Watu wawili watatu waliokuwa barazani wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Alisema kwa namna ya kuchekesha.

Sikutaka kubishana. Nilimwachia Mzee simu mapajani, nikapita pembeni ya Bei Moja, nikaingia dukani kutafuta swichi mwenyewe. Mwanangu na jirani walikuwa wamekwenda nyuma kunywa maji bombani kabla ya kumbeba tena. Nikabonyeza swichi moja, friji likakoroma na kunyamaza. Nikabonyeza nyingine, redio ikafa. Mwanamke mzima, napapasa ukuta wa watu. Nilipotoka, wale wa barazani walikuwa wameshatawanyika, na Bei Moja alikuwa amesimama mbele ya kiti cha Mzee, kufuli mkononi. Mzee alikuwa amefumba mdomo, anatazama kioo cha simu.

"Twendeni," akasema. "Nimeshasema."

Nyumbani nilimuuliza, "Umemwambia nini?"

"Kilicho chake ni chake. Keshasikia."

Ndipo nilipoelewa. Picha ilivyoganda, aliona uso wa binti yake umetulia, akadhani anasikilizwa. Sikuwa na moyo wa kumwambia alikuwa akiongea na picha. Nilijipa moyo: kesho nitampeleka tena. Ijumaa Bei Moja alikuwa amekwenda kuleta bidhaa, duka limefungwa. Jumamosi saa nne asubuhi, nikiwa namkorogea uji, Mzee akafariki.

Kwenye msiba Bei Moja alileta turubai lake na mabenchi sita. Alikoroga sufuria kwa mkono wake, jasho linamtoka. Hilo nalo nalisema kwa kuwa ni kweli.

Jumapili iliyofuata binti aliniambia, "Mumeo alinikatia simu."

"Hapana, mwanangu. Ni Bei Moja alizima mitambo."

"Mama." Akacheka kicheko kikavu. "Wewe umemfunika huyo mtu tangu sijazaliwa. Akivunja sahani, unasema paka. Akinitukana, unasema ana homa. Nimeku nini? Nimekukataa, halafu akakata. Basi. Nimeshaelewa."

Kweli nilikuwa nikisema paka. Hatukuwahi hata kufuga paka. Miaka arobaini nimesema uongo mdogo mdogo wa kulinda nyumba, na siku niliyosema kweli haikuwa na mnunuzi.

Basi nikavuka barabara. Bei Moja alikuwa anapima misumari, dukani wamejaa watu. Nikamwambia kwa upole, "Jirani, nisaidie. Mwambie binti yangu kwamba ni wewe uliyezima. Maneno mawili tu. Mimi haniamini."

Hakuacha kupima. "Bi Mkubwa, mimi nauza intaneti. Kusuluhisha koo za watu sijaweka kwenye rafu."

Duka zima likacheka. Safari hii nilikisikia kila kicheko, na mwenye nacho nikamtazama. Nikasema, "Asante," nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikarudi nyumbani. Hapo ndipo nilipoanza.

Sina papara. Anayeatamia mayai hapigi kelele. Miezi minane nilikaa kimya, nikimsalimia Bei Moja kila asubuhi, naye akinisalimia, na binti yangu akizidi kutoweka. Jumapili zikawa moja kwa mwezi, halafu ujumbe mfupi wa sikukuu: "Hamjambo huko." Ujumbe huo nao naufuata barazani kwake, kwa kikaratasi chake.

Kisha siku moja kliniki wakafunga dishi la intaneti ya setilaiti, na aliyekuja kulifunga ni binti mmoja mfupi ambaye ngazi yake ilikuwa ndefu mara tatu yake. Wauguzi wakamwita Binti Ngazi, naye akaitika tu. Nilimngoja amalize, nikampa maji ya kunywa, nikamwomba aje anipimie nyumba yangu.

Mwanangu mkubwa, ambaye ni fundi mwashi na hupenda mambo yaliyonyooka, aliposikia akaacha chakula.

"Mama, dishi la nini? Unaijua hiyo kitu? Ni kama kuoa mke wa pili. Unamhudumia kila mwezi, hata mwezi ambao hamjasemezana."

"Mimi nimekaa na baba yako miezi mingine hatusemezani, na nilimhudumia."

"Sifanyi utani. Simu moja kwa mwezi! Si upande tu kwenye mawe?"

"Magoti yangu yapande?"

"Nitakubeba."

Na angenibeba kweli. Ndivyo alivyo. Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Binti Ngazi alikuja Jumanne. Alizunguka ua mzima akiielekeza simu yake juu, na kwenye kioo anga lote likachorwa, palipo wazi rangi ya buluu, penye kizuizi rangi nyekundu. Akanionyesha kwamba dishi halitaki mlingoti, linataka kuona anga tu, na paa la jiko langu lilikuwa linaona anga vizuri kuliko nyumba kubwa. Halafu akakaa kwenye kigoda, akanywa chai, akaniambia jambo ambalo sijawahi kuambiwa na mtu anayeuza kitu.

"Bibi, nikuambie ukweli? Haikufai."

"Kwa nini?"

"Utanunua dishi, utanunua sola na betri maana umeme hapa unakatika. Kila mwezi utalipia, utumie usitumie. Mvua kubwa ikija, inakatika kidogo. Kwa nyumba yenye wanafunzi watatu, au mtu anayefanya kazi kwa kompyuta, ningekuambia chukua kesho. Kwa bibi mmoja na simu moja, unanunua lori la kubebea kitunguu."

Mwanangu akapiga paja. "Umesikia, Mama! Na ni mwenye mali anasema!"

"Nimesikia," nikasema. Nikamuuliza yule binti, "Lori hilo linabeba watu wangapi?"

"Vipi?"

"Wakija majirani. Wakikaa hapa barazani kwangu, kila mtu na simu yake."

Akafikiri. "Ishirini bila shida. Hata thelathini, kama hawatazami mpira wote kwa pamoja. Mkichangia, hapo inafaa sana."

"Na barazani kwa yule mwenye duka, pale, wataupata?"

Akapima kwa macho. "Nikiweka kisanduku cha kusambaza kwenye dirisha linalotazama barabara, kupata watapata kwa mbali. Lakini jina la mtandao wako litatokea kwenye kila simu iliyo pale. Hilo hata mtu akiwa chumbani kwake dukani ataliona."

"Jina?"

"Kila mtandao una jina, Bibi. Unaupa wewe."

Nikamwambia aje na vifaa vyake Ijumaa. Mwanangu alitoka nje akazunguka nyumba mara mbili, akarudi. "Mama, unataka kufanya nini hasa?"

Sikumficha. "Nataka baraza la Bei Moja liote majani. Nataka akae peke yake na mlingoti wake mpaka kiburi kimtoke puani. Siku kitakapomtoka, atakuja hapa, na atamwambia dada yako alichomfanyia baba yenu."

Akanitazama kama mtu aliyeona kuku wake anang'ata. "Na asipokuja?"

"Mimi nina subira."

Niliuza ng'ombe wangu, mtamba mweusi.  Ijumaa mwanangu alishinda juu ya paa la jiko akiifungia nondo miguu ya dishi, na kazi aliyoifanya ni nzuri hata kimbunga hakitaling'oa. Alikuwa hakubaliani nami na bado alijenga imara. Mtu kama huyo nilimzaa mwenyewe, namshukuru Mungu.

Binti Ngazi alipomaliza akafungua simu yake. "Haya Bibi, jina."

Nilikuwa nimelitafuta miezi minane. "Andika: MALIZA NENO LAKO."

Akaandika. "Neno la siri?"

"Lisiwepo."

"Bibi! Mlango wazi?"

"Wazi kabisa. Asipite mtu barabarani akakosa pa kuingilia."

Siku ya kwanza walikuja wawili. Siku ya tatu walikuwa kumi na mmoja. Wiki ya pili mwanangu alijenga kibaraza cha matofali kando ya ukuta, maana mabenchi hayakutosha. Kila mmoja alichangia anachoweza mwisho wa mwezi, mwingine mayai, mwingine kuni, na ikatosha. Wanafunzi walikuja na madaftari. Mkunga alikuja kumwonyesha daktari wa mjini picha ya mtoto mwenye upele, akajibiwa palepale. Mambo mema mengi yalitokea kwenye baraza langu, na ningependa kusema ndiyo yaliyonifurahisha. Kilichonifurahisha kilikuwa ng'ambo ya barabara. Nilikaa dirishani nachambua maharage, namhesabia Bei Moja wateja. Saba. Watano. Mmoja, naye amekuja kununua chumvi.

"Bei Moja," nilimsikia mwendesha bodaboda akimwambia, "mbona kwenye simu yangu hapa kwako imeandikwa Maliza Neno Lako? Ulianza kusema nini?"

"Nenda zako."

"Naenda. Wewe maliza tu."

Watu ni watu. Kabla ya mwezi kwisha neno lilikuwa limeingia mitaani. Akichelewa kurudisha chenji, wanamwambia, "Maliza neno." Akifungua mdomo kusalimia, mtoto anadakia, "Maliza!" Akashusha bei ya vikaratasi. Hiyo ilikuwa siku kubwa kwangu. Bei Moja akawa na bei mbili, halafu akawa na bei tatu, halafu vikaratasi akavitoa bure kwa atakayenunua sabuni. Mwezi wa tatu, Alhamisi asubuhi, nikamwona juu ya ngazi anafungua mlingoti. Niliacha maharage, nikasimama nitazame vizuri. Mke mwenzangu hakuwahi kunipa furaha kama hiyo, na sababu ni kwamba sikuwahi kuwa naye.

Alasiri hiyohiyo akavuka barabara.

Alisimama chini ya ngazi za baraza, kofia mkononi. Barazani palikuwa na watu kama kumi na watano, nami katikati yao na bakuli la maharage mapajani. Wote wakawa bize na simu zao namna watu wanavyokuwa bize wakitaka kusikia.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kupiga simu?"

"Nimekuja tuelewane."

"Tulipokosana ni wapi?"

Akajikuna shingo. "Biashara ya intaneti nimeiacha, umeshinda. Sina neno. Lakini lile jina... Liondoe lile jina. Simu yangu nikiiwasha asubuhi, naliona. Nikitaka kutazama saa, naliona. Mke wangu ananiuliza nilikatiza neno gani."

"Ukamjibu nini?"

Akaigeuza kofia mkononi.

"Nitakupa bei," nikamwambia. "Na bei ni moja."

Mtu mmoja akapaliwa na chai yake. Nikaendelea, "Jumapili saa tisa binti yangu atapiga. Utakaa kwenye kiti kile, umwambie ni nani aliyezima."

"Mbele ya watu hawa?"

"Nilipokuja kukuomba, waliocheka walikuwa watu hawahawa. Watakuja, usijali. Nitawaalika."

Nilitarajia ageuke aondoke. Badala yake alipanda ngazi mbili, akainama, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi peke yangu niliisikia, "Na neno lenyewe, nimwambie?"

"Neno gani?"

"Alilosema Mzee. Wewe ulikuwa ndani unazima friji langu. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake. Alilimaliza."

Bakuli la maharage lilinitoka mapajani. Mama mmoja akaja kuyaokota, mwingine akanishika bega, hakuna aliyeuliza. Mwaka mzima. Mwaka mzima kasoro mwezi mtu huyu ametembea na neno la mume wangu mdomoni, akipima misumari, akinisalimia asubuhi. Nilitamani kumpiga kwa lile bakuli. Nilitamani pia nimshike kola nimwambie, litoe, litoe sasa hivi. Na ningeweza. Alikuwa ameshafungua mdomo.

"Ufunge huo mdomo," nikamwambia. "Si langu. Utampa mwenyewe Jumapili."

Ile Alhamisi mpaka Jumapili ilikuwa ndefu kuliko miezi minane. Nilimwandikia binti: "Jumapili saa tisa piga. Kuna mtu anataka kusema nawe. Si mimi." Akajibu kwa herufi moja, kama wafanyavyo siku hizi.

Jumapili watu walijaa mpaka uani. Bei Moja alikuja amevaa koti. Nilimkalisha kwenye kiti, nikashika simu kama nilivyoishika siku ile. Binti akatokea, ana kofia ya buluu. Alipomwona, akakunja uso.

"Huyu si Bei Moja? Mama, kuna nini?"

"Sema," nikamwambia Bei Moja.

Akakohoa. "Binti, hujambo. Siku ile... Baba yako hakukukatia simu. Ni mimi nilizima. Muda wa kufunga ulifika, nikazima. Mama yako aliniomba niwashe, nikamfanyia mzaha. Baadaye akaniomba nikuambie, nikamfanyia mzaha tena mbele za watu."

"Mama amekupa nini useme hivyo?"

"Amenipa nini?" Bei Moja akacheka, na kwa mara ya kwanza nilisikia kicheko chake hakina watu ndani yake. "Amenifunga duka! Muulize mtu yeyote hapa."

"Kamfunga kweli!" mwendesha bodaboda akapaza sauti kutoka uani.

Binti hakucheka. "Endelea."

"Mama yako aliingia dukani. Mimi nilikuwa mbele ya baba yako na kufuli. Wewe uliganda kwenye kioo, jicho moja limefumba. Yeye hakujua. Alikuwa anakuangalia, akamaliza kusema."

"Nimeku nini?"

Baraza zima likashusha simu. Hata watoto.

"Nimekungoja," akasema Bei Moja. "Alisema, 'Nimekungoja.' Halafu akakaa, anasubiri umjibu. Anasubiri kabisa, kainamisha kichwa hivi. Nikaona aibu kumwambia, 'Mzee, hapo ulipo huongei na mtu.' Nikasimama tu. Alipokufa, ile aibu ikawa kubwa zaidi, nikashindwa pa kuianzia. Ndiyo maana nikawa nafanya mzaha."

Nimekaa na maneno hayo siku nyingi, nikiyageuza kama mtu anayekagua noti. Huenda alitunga? Lakini mwongo angesema nimekusamehe. Kila mtu pale alikuwa anangoja nimekusamehe, mimi wa kwanza. Mume wangu hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakuwa mtu wa kukiri kwamba kuna cha kusamehe. Lakini kungoja alikuwa akingoja, kila Jumapili, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea habari za unene wa mwenye duka.

Binti alikuwa amevua kofia na kuibana kifuani. "Baba alisema hivyo?"

"Hivyohivyo."

"Sema tena."

"Nimekungoja."

"Sema alivyosema yeye. Alisema haraka? Alisema polepole?"

Bei Moja akafumba macho, akajaribu. "Polepole. Pumzi ilikuwa inamwisha. Nimeku... ngoja."

"Alikuwa amevaa nini?"

"Shati jeupe. Kifungo cha juu kilikuwa kimefungwa kwenye tundu lisilo lake."

Mimi ndiye niliyemvisha. Sikukiona.

Alimuuliza mengi. Mikono ilikuwa wapi. Alimtazama usoni au alitazama pembeni. Bei Moja alijibu kila swali, na kila alipojibu nilizidi kuona kwamba hakusahau hata kidogo, kwamba yale yote alikuwa ameyabeba huku anacheka na watu. Nikamwonea huruma. Ilinijia tu, kama chafya. Haikunigeuza nia.

Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa heshima. Jua likahama kutoka kwenye ngazi. Bei Moja akanitazama, akanong'ona, "Bi Mkubwa, nimeshasema. Duka nimeliacha wazi, wateja wananingoja."

"Wateja wako ndio hawa wanaotoka," nikamwambia. "Kaa. Mtoto hajamaliza."

"Na lile jina?"

"Jina zuri lile. Libaki."

Akashusha pumzi, akageukia tena kwenye simu, maana binti alikuwa anamuuliza kama baba yake alikohoa kabla au baada. Mwanangu mkubwa alikuwa ameegemea nguzo, amejiziba uso kwa kofia. Niliingia jikoni, nikamimina chai, nikampelekea Bei Moja kwa mikono miwili kama mgeni yeyote wa nyumba yangu. Sukari sikumtilia. Akaionja, akanitazama, akainywa yote.